"Moyo kushindwa", "figo sugu hatua ya 3", "hasi": karatasi ya baba inasema nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68. Alilazwa kwa kuishiwa pumzi na kuvimba miguu, sasa ameruhusiwa. Karatasi yake inasema: kushindwa kwa moyo, EF asilimia 35, ugonjwa sugu wa figo, hatua ya 3, makohozi hasi, lakini arudi kupimwa tena kifua kikuu, hali imetulia. Majibu ya damu yana herufi H na L kila mahali. Dawa moja imeandikwa OD, nyingine BD, nyingine PRN. Shangazi aliposoma "hatua ya 3" alianza kulia na sasa amewaita ndugu waje. Mimi ndiye ninayetakiwa kuwaeleza, na mwenyewe sielewi. Naomba unisaidie kwa lugha ya kawaida.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Naanza na la shangazi, maana ndugu wako njiani.

Hatua ya 3 ya figo haina uhusiano wowote na hatua ya 3 ya saratani. Kila ugonjwa unaopangwa kwa hatua una ngazi zake, na namba ya ngazi moja haihamishiki kwenda nyingine. Kwenye saratani, hatua hueleza uvimbe ni mkubwa kiasi gani na umesambaa hadi wapi. Hatua ya 4 kwa kawaida maana yake saratani imefika kwenye viungo vya mbali na pale ilipoanzia. Kwenye figo, hatua hueleza kasi ya kuchuja damu. Tafuta kwenye majibu ya baba palipoandikwa eGFR. Namba ya 90 na kuendelea ni hatua ya 1 (na hapo mtu huitwa mgonjwa pale tu panapokuwa na dalili nyingine ya figo kuumia, kama protini kwenye mkojo), 60 hadi 89 ni ya 2, 30 hadi 59 ni ya 3, 15 hadi 29 ni ya 4, na chini ya 15 ni ya 5. Habari za kusafishwa damu kwa mashine ni za huko kwenye ya 5. Watu wengi walio kwenye hatua ya 3 hawafiki huko maishani mwao, hasa presha na sukari zikidhibitiwa. Tena hatua hii yenyewe ni pana mno, ndiyo maana imegawanywa: 3a ni 45 hadi 59, 3b ni 30 hadi 44. Mtu wa 58 na mtu wa 31 wote wataandikiwa "hatua ya 3", na hawako mahali pamoja hata kidogo. Kwa hiyo shangazi akikuuliza, mtajie namba yenyewe.

Neno "sugu" nalo limefanya kazi yake ya kutisha. Kwenye mazungumzo yetu ya kila siku, kitu sugu ni kile kisichosikia dawa wala maneno. Daktari akiandika ugonjwa sugu anazungumzia muda tu. Figo zikionyesha kasoro kwa zaidi ya miezi 3, ugonjwa unaitwa sugu, uwe mdogo au mkubwa. Homa ya ini aina ya B inaitwa sugu ikivuka miezi 6. Kikohozi cha mtu mzima huitwa sugu kikivuka wiki 8. Pumu nyepesi inayomsumbua mtu mara mbili kwa mwaka ni ugonjwa sugu. Kinyume chake ni ugonjwa wa ghafla, ambao wengine huuandika "mkali", na hapo tena watu wanapotea, kwa sababu mafua ya kawaida kitabibu ni ugonjwa wa ghafla na hakuna anayeyaogopa. Ghafla na sugu hupima saa na kalenda. Uzito wa ugonjwa una maneno yake mengine: mwepesi, wa wastani, mzito.

(Kuna na usugu wa dawa, ambao ni habari nyingine kabisa. Hapo vijidudu ndivyo vilivyojifunza kuishi na dawa. Mwili wa mgonjwa haujawa sugu, kama wengi wanavyodhani wanaposema "mwili wangu umezoea antibiotiki".)

Hapa pana jambo la kufuatilia. Figo za mtu aliyelazwa kwa moyo hupungua kasi kwa sababu damu inayozifikia ni kidogo, na zinaweza kupanda tena akipata nafuu. Kama eGFR iliyo kwenye karatasi ilipimwa baba akiwa wodini, na hakuna kipimo cha zamani cha kulinganisha, basi neno "sugu" limeandikwa kwa kukisia. Tafuteni majibu yoyote ya kreatinini ya mwaka jana au juzi, mpeleke. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo zikichuja polepole inabaki kwenye damu. Na eGFR haipimwi moja kwa moja, hukadiriwa kwa hesabu kutokana na kreatinini, umri na jinsia. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa wa maisha.

Sasa moyo. Jina "kushindwa kwa moyo" sijawahi kulipenda, kwa sababu anayelisikia anaona moyo uliokaribia kuzima. Maana yake ni kwamba moyo unadunda, ila hausukumi damu kwa kiasi mwili unachohitaji, au haulegei vya kutosha ukajaa kabla ya kusukuma. Damu inayochelewa kuondoka huongeza shinikizo kwenye mishipa iliyo nyuma yake. Kwenye mapafu maji huvuja kuingia kwenye vifuko vya hewa, na mtu anaishiwa pumzi, hasa akilala chali. Miguuni maji hutuama chini ya ngozi na viatu vinaanza kubana. Pumzi na miguu ya baba yako, kwa maelezo uliyonipa, ni malalamiko mawili ya ugonjwa mmoja.

Watu huchanganya mambo matatu hapa. Mshtuko wa moyo ni pale mshipa unaolisha msuli wa moyo unapoziba na sehemu ya msuli kuanza kufa. Mgonjwa mara nyingi anaongea na kulalamika kifua. Moyo kusimama ni pale mapigo yanapokoma. Mtu anaanguka hapo hapo na anahitaji kukandamizwa kifua bila kusubiri gari. Kushindwa kwa moyo ni hali ya kuishi nayo, kwa miezi au miaka mingi, yenye siku nzuri na mbaya. Moja linaweza kuzaa jingine, na mshtuko wa moyo wa zamani ni chanzo kikubwa cha moyo kushindwa, ila ukiwaambia ndugu kwa simu "moyo wa baba umeshindwa", watasikia lile la pili.

Halafu ile EF asilimia 35. Kila anayeiona anaisoma kama alama za mtihani, kwamba baba amebakiwa na theluthi moja ya moyo. Sivyo. EF ni sehemu ya damu inayotoka kwenye chumba kikuu cha kushoto kwa kila pigo, na hakuna moyo duniani unaotoa yote. Moyo mzima hutoa takribani asilimia 55 hadi 70, nyingine hubaki ndani, ndivyo ulivyoumbwa. Kwa hiyo 35 ya baba unailinganisha na 60 hivi, wala si na 100. Ni pungufu, sikatai. 40 kushuka chini huhesabiwa kuwa imepungua, na hapo ndipo penye dawa nyingi zenye ushahidi mzuri. Dawa hizo, zikimezwa kila siku na dozi ikapandishwa polepole, huweza kuipandisha namba hiyo kwa wagonjwa wengi. Kuna watu wana 60 na bado moyo wao umeshindwa, kwa sababu tatizo lao ni la kulegea. Namba moja haimwelezi mgonjwa mzima. Mimi humuuliza mgonjwa anapanda ngazi ngapi kabla ya kupumzika na analalia mito mingapi, na majibu hayo mara nyingi hunisaidia kuliko kipimo.

Kuna kipimo kimoja ambacho mtakifanya wenyewe nyumbani nacho kina maana kuliko karatasi yote: mizani. Baba apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, namba iandikwe. Uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, hajanenepa. Pigeni simu kliniki siku hiyo hiyo, msisubiri miguu ivimbe.

Herufi H na L zisikutoe jasho. H ni namba iliyo juu ya kiwango cha maabara, L ni iliyo chini. Lakini kiwango hicho kinapatikanaje? Maabara huchukua watu wenye afya na kuweka mipaka inayowajumuisha 95 kati ya kila 100. Watano waliobaki ni wazima, ila watawekewa herufi. Mtu mzima kabisa akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kupata walau herufi moja ni karibu asilimia 64. Karatasi isiyo na herufi hata moja ndiyo ya wachache. Angalia herufi iko mbali kiasi gani na mpaka, na kama namba hiyo inapanda au inashuka ukilinganisha na ya mwezi uliopita.

Kwa baba, fuata namba tatu. Kreatinini nimeshaieleza. Potasiamu, kwa sababu baadhi ya dawa za moyo huipandisha na figo dhaifu huizuia isitoke. Kawaida ni kati ya 3.5 na 5 au zaidi kidogo, na ikivuka 6 madaktari huacha kufanya mzaha, maana inaweza kuvuruga mapigo. Ya tatu ni hemoglobini, kwa kuwa upungufu wa damu unauchosha moyo uliochoka tayari. Ukilinganisha majibu ya maabara mbili, soma kwanza vipimo vilivyoandikwa pembeni ya namba. Hemoglobini ya 13 g/dL na ya 130 g/L ni ile ile. Sukari ya 126 mg/dL ni sawa na 7.0 mmol/L, unagawanya kwa 18. Nimewaona watu wakishangilia sukari "kushuka" kutoka 126 hadi 9, kumbe imepanda.

"Makohozi hasi, arudi kupimwa tena" imekuchanganya, na una haki. Kama ni hasi, kurudia kwa nini? Kwa sababu hasi maana yake ni kwamba kilichotafutwa hakikuonekana kwenye sampuli ile, kwa njia ile, siku ile. Makohozi yakitazamwa kwa darubini, bakteria wa kifua kikuu wanahitaji kuwa kama 5,000 hadi 10,000 kwenye kila mililita moja ndipo waonekane. Wakiwa wachache zaidi wapo na hawaonekani. Vipimo vinavyotafuta vinasaba vya bakteria huwanasa wakiwa wachache zaidi, kwa hiyo uliza baba alipimwa kwa njia gani. Na sampuli nayo ina lake: wagonjwa wengi hutema mate wakayaita makohozi. Yanayotakiwa ni yale yanayotoka ndani kabisa ya kifua, mara nyingi asubuhi. Hilo msaidieni. Na kumbuka kwamba moyo uliojaa maji nao hukohoza mtu, kwa hiyo inawezekana kabisa kikohozi chote kikaisha na dawa za moyo.

Upande wa pili, chanya nayo haimaanishi "una ugonjwa" moja kwa moja, na hili hata wasomi hulikosea. Chukua watu 1,000 ambao 10 kati yao wana ugonjwa fulani. Kipimo ni kizuri: kinawanasa 9 kati ya wale 10, na kwa wazima kinakosea mara 5 tu kati ya 100. Wazima ni 990, kwa hiyo 50 hivi watapewa chanya ya uongo. Jumla ya chanya ni 59, na wagonjwa wa kweli humo ni 9. Anayeletewa jibu lake siku hiyo ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa mzima kuliko mgonjwa. Hesabu hii inageuka kabisa kipimo kikifanywa kwa watu wenye dalili, kwa sababu wagonjwa wa kweli ni wengi kati yao. Ndiyo sababu daktari hukuuliza maswali mengi kabla ya kukupima, na ndiyo sababu jibu zito hurudiwa kwa kipimo cha pili cha aina nyingine. Wala chanya haina ubaya wala uzuri wake yenyewe; anayetafuta mtoto anaililia. Kundi la damu "hasi" ndiyo kabisa, halina ugonjwa wowote ndani yake, ni protini fulani tu haipo juu ya chembe nyekundu.

"Hali imetulia" ni maneno ninayowaomba ndugu wayasikilize kwa makini. Maana yake joto, mapigo, pumzi, presha na oksijeni havipandi na kushuka ovyo. Haisemi viko vizuri. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anaweza kuandikwa kuwa ametulia, na hakuna aliyedanganya. Kwa baba yako aliyeruhusiwa, inamaanisha hahitaji tena kitu kinachopatikana hospitali pekee. Si kwamba amepona, na hapa ndipo wengi huacha dawa wiki ya pili.

Kuna maneno mengine utakutana nayo kliniki, nakupitisha haraka. Linaloishia na "aitisi" ni mchochota wa kiungo kilichotajwa mwanzoni, kama gastraitisi kwa tumbo au athraitisi kwa maungio. Mchochota wenyewe ni kuvimba, kuuma na kuwa na joto, na si lazima pawe na vijidudu. "Ektomi" ni kukata na kuondoa. "Skopi" ni kuingiza kifaa cha kutazama ndani. "Emia" ni habari ya damu. "Haipa" ni kuzidi na "haipo" ni kupungua, na kwa kuwa zinatofautiana kwa irabu moja tu, ukiambiwa kwa mdomo omba iandikwe. Waliosema "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka" walikuwa na akili zaidi. "Uvimbe" uulize kila mara ni wa aina gani, kwa sababu neno hilo hilo hutumika kwa mguu wa baba uliojaa maji, kwa fibroidi na kwa saratani. Uvimbe usio wa saratani hausambai kwenda viungo vingine, ingawa ukiota mahali pabaya, mathalani ndani ya fuvu, bado unaweza kuua.

Na siku moja huenda mtu akataja tiba shufaa mbele ya shangazi. Asianze kulia. Ni huduma ya kupunguza maumivu, kukosa pumzi, wasiwasi na mzigo wa familia, na inaweza kuanza mapema na kwenda sambamba na dawa zote za moyo. Wagonjwa wengi huipata wakiwa wamechelewa kwa sababu tu ya jina lake kutisha.

Zimebaki dawa. OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, yote kutoka Kilatini cha zamani. (Kwenye karatasi ya miwani OD ni jicho la kulia, usicheke, wapo waliochanganya.) Mara mbili kwa siku kwa kawaida maana yake zikaribie kuachana saa 12, siyo asubuhi na mchana. Dawa ya kupunguza maji, kama ndiyo hiyo ya OD, aimeze asubuhi, vinginevyo atashinda chooni usiku. Kama imeandikwa inywewe tumbo likiwa tupu, ni saa moja kabla ya chakula au mawili baada yake. Angalia pia mg na mcg: miligramu 1 ni mikrogramu 1,000, na kosa hapo ni kubwa mno. Kwenye kijikaratasi cha madhara, "kawaida" maana yake ni mtu 1 hadi 10 kati ya 100, "nadra" ni 1 hadi 10 kati ya 10,000. Akiisoma orodha nzima bila kujua hilo baba atakataa kumeza.

PRN ni "ikihitajika", na hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote kwenye karatasi yako, kwa sababu hukuandika ni dawa gani. Mara nyingi ni ya maumivu. Kama ni parasetamoli, sawa, ila muulize daktari kiwango cha juu kwa siku. Kama ni ibuprofeni, diklofenaki au nyingine ya jamii hiyo, isimezwe kabla hamjazungumza na aliyeiandika, kwa sababu dawa hizo huzuia maji na chumvi visitoke, huumiza figo na humrudisha mgonjwa wa moyo wodini. Na baba asijinunulie mwenyewe goti likimuuma. Kesho piga simu kliniki uwasomee jina la dawa hiyo herufi kwa herufi, na ukiwa bado kwenye simu waulize eGFR ni ngapi na lini watairudia.